Kokoto Ndani ya Nepi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumapili, siku ya mwisho ya mashindano ya Ashcombe, Kez Bramwell alimtoa Pickle bandani anyooshe miguu, na Pickle akachechemea.

Na si ule uzito wa asubuhi wa farasi aliyelala vizuri. Mguu wa mbele wa kushoto uligusa nyasi, ukaruka juu kama umekanyaga kaa la moto, ukabaki hewani. Kez alisimama na kamba mkononi. Huyu ndiye farasi jike aliyekuwa wa pili kati ya farasi sitini! Jana kakimbia nyika yote, kavuka maji, magogo na mitaro, hajagusa kitu. Na saa tatu kamili madaktari wa mifugo wangewakagua farasi wote mbele ya umati, na anayechechemea hapandi uwanjani kuruka viunzi, anapandishwa lori.

Kez akapiga magoti. Jioni ya jana alikuwa amezifunga kwato za mbele kama wanavyofanya watunza farasi wote baada ya mbio za nyika: dawa ya kuvuta joto chini ya ukwato, juu yake nepi ya mtoto mchanga, juu ya nepi tepu ya kijivu raundi tatu. Akaikata nepi ya kushoto kwa kisu, akaifunua. Ndani ya dawa, limekabwa vizuri kwenye kifereji cha ukwato, kulikuwa na kokoto jeupe, ukubwa wa harage.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano alifika Tamsin Ellery, mpandaji, bosi wake Kez, kichwa kimejaa rola za nywele kwa ajili ya ukaguzi.

"Ulifunga kokoto ndani?"

"Bosi, niliukwangua ukwato mara tatu. Daktari mwenyewe alimkimbiza jana saa kumi na mbili na nusu, akasema yuko safi. Saa moja kasoro kumi nikafunga. Hakukuwa na kokoto."

"Kwa hiyo limeingia lenyewe kwa miguu yake? Limepiga hodi?"

"Mtu kaliweka."

"Aa, Kez!" Tamsin aliutazama ule mguu uliokuwa hewani. "Miaka kumi na moja naisubiri Jumapili hii. Saa mbili na nusu natoka hapa. Ukifika wakati huo uwe umefungasha. Mtu asiyejua kukwangua ukwato simtaki kwangu."

Kwangu maana yake ni chumba cha juu ya mabanda ya Tamsin, ambako Kez alikuwa akiishi mwaka wa nne sasa. Na dunia hii ya farasi ni ndogo mno. Mpaka saa sita mchana kila lori uwanjani lingekuwa na stori ya mtunzaji aliyefunga kokoto ndani ya nepi, na hakuna mtu angempa kazi hata ya kuzoa mavi.

Kez akampigia simu Wren.

Wren Caddick alikuwa amelala kwenye hema upande wa pili wa bustani, pamoja na rafiki yao Fergus Tolley. Wren, mwaka wa tatu chuoni, anasomea meno, na farasi anamjua kwa mbali tu. Walikuja tangu Alhamisi kwa ajili ya Kez, na wikiendi ilikuwa tamu ajabu mpaka hapo: mablanketi kwenye nyasi, mbwa wa watu wanaiba soseji, kupiga kelele kwenye viunzi mpaka sauti zikawakauka.

Wren alifika saa moja kasoro kumi, miguuni buti mbili zisizofanana. Fergus nyuma yake na mkate wa nyama.

"Shoga, usilie," Wren alimwambia Kez. "Ngoja kwanza. Nani aliingia hapa?"

"Usiniulize, sina kichwa. Daktari kaja, kasema ukwato umechubuka kidogo tu. Nimtie barafu, nimtembeze, labda atapona. Labda!" Kez aliendelea kumzungusha Pickle, hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi. Hakuweza kutulia. "Nimtembeze huku nafungasha. Fergus, acha kutafuna, unanitia wazimu."

"Nikiwa na presha nakula," Fergus alijibu. "Ungeniona siku ya mitihani."

Wren tayari alikuwa ameinama kwenye ndoo ya taka. Akazitoa nepi zote mbili, akazilaza chini.

"Kez. Hii ya kulia, mwisho wa tepu umeukunja."

"Kila siku nakunja. Nakiita kisikio. Asubuhi vidole vina baridi, navuta kisikio tu, inafunguka."

"Ya kushoto haina kisikio."

Kez akasimama. Pickle naye akasimama.

"Niliikata kwa kisu kwa haraka," Kez alisema taratibu. "Sikuangalia. Lakini nilikunja, Wren. Zote mbili. Naapa."

"Basi mtu kaifungua, kaweka kokoto, kaifunga upya. Nyanyua mguu."

Viatu vya chuma vya farasi hawa vina matundu mawili mawili, ya kufungia njumu, kama za wacheza mpira, wasiteleze kwenye matope. Njumu zikitolewa, tundu lazima lizibwe. Likiachwa wazi uchafu unajaa, na kesho yake utalichokonoa na sindano nusu saa nzima huku unatukana. Mguu wa kulia, matundu yote mawili yalikuwa na vizibo vyekundu vya mpira. Mguu wa kushoto, tundu moja kizibo chekundu. La pili, pamba.

Wren alicheka, kicheko kimoja kifupi. "Meno ya mtu mmoja, madaktari wawili! Hii kazi naijua mimi. Kila mtu ana mkono wake wa kuziba. Hii pamba ni yako?"

"Mimi situmii pamba. Tamsin kaipiga marufuku, anasema inaacha nyuzi. Ya siku hizi ni mpira tu. Pamba ni ya zamani zile, za kina..." Kez alitikisa kichwa. "Sijui. Wapo wengi bado."

Wren aliisogelea pamba ile kwa pua. Mafuta. Na kitu kingine, kitamu, cha baridi. Alimwomba tu Kez asilitupe kokoto, akalitia mfukoni, akakimbia getini na Fergus.

Hakuna anayeingia kwenye mabanda ya Ashcombe bila kuandikwa. Getini alikaa Bwana Clegg, mzee mwenye daftari na chupa ya chai, mwenye kujivunia daftari kuliko mashindano.

"Jana, kuanzia saa moja kasoro kumi jioni," Wren alisema.

"Wewe ni nani?"

"Daktari wa meno."

"Wa farasi?"

"Karibu nitafika huko. Tafadhali, Bwana Clegg."

Mzee alifungua daftari, akafuata mistari kwa kidole. Kez katoka saa moja kasoro dakika tano. Hiyo Wren aliijua, walikuwa wote kwenye hema la chipsi mpaka saa tatu. Rory Strickland, mpandaji wa banda la jirani, kaingia saa moja na dakika ishirini, katoka saa mbili kasoro kumi. Tamsin Ellery, saa moja na robo mpaka saa moja na dakika arobaini. Bi Honor Pelling, mmiliki wa Pickle, saa moja na dakika kumi mpaka saa mbili kasoro dakika ishirini na tano.

"Wote hao walitoka kule kwenye nyumba kubwa," Bwana Clegg alisema. "Kulikuwa na vinywaji vya wapandaji na wenye farasi. Walininyunyizia vikokoto vyeupe kwa viatu vyao hapa getini kote, tazama. Njia ya nyumba kubwa ndiyo yenye hivyo. Huku kwetu ni nyasi na maranda ya mbao."

Wren alitoa kokoto mfukoni. Lile lile.

"Na watunza farasi hawakualikwa?"

"Watunza farasi?" Mzee aliona kama kichekesho. "Lini walialikwa?"

Saa mbili kasoro ishirini walimkuta Rory Strickland akijifunga tai mbele ya kioo cha lori. Huyu alikuwa wa tatu. Pickle akirudi nyumbani, yeye anapanda kuwa wa pili, na alikuwa na uso wa mtu anayejua anachofikiriwa.

"Tayari nimesikia," alisema. "Uwanja mzima umesikia. Na kabla hujauliza, mimi sigusi farasi wa mtu."

"Ulikuwa bandani saa moja na nusu."

"Nilikuwa na wangu. Mtunzaji wangu ana mafua, nimefunga nepi mwenyewe, matokeo yake ni aibu. Njoo uone." Wakaona. Nepi za Rory zilikaa kama soksi za mlevi. Na matundu ya viatu vya farasi wake yalikuwa na vizibo vya bluu, vipya.

"Nani anatumia pamba siku hizi?" Fergus aliuliza.

"Bibi yangu. Amekufa." Rory aliacha tai. "Lakini ngoja. Nilisikia tepu ikichanwa banda la pili. Krrr. Saa moja na nusu, kwa sababu nilikuwa natazama saa, nina njaa. Nikaita, 'Kez, wewe fundi, njoo unisaidie!' Hakujibu mtu. Nikasema leo Kez kaninunia."

"Kez alikuwa na sisi anamnyang'anya Fergus chipsi."

"Basi sijui. Ila mtu aliyekuwa mle alikuwa anamwimbia farasi. Kwa sauti ya chini sana."

Walitoka nje, na mvua nyembamba ikaanza. Spika zikatangaza ukaguzi, dakika sitini. Fergus hakuwa na kitu cha kutafuna tena, akawa anatafuna kamba ya kofia.

"Tamsin mwenyewe?" alisema. "Alikuwemo saa hiyo."

"Tamsin huimba? Na ajiharibie Jumapili ya miaka kumi na moja?"

"Basi nani?"

Wren alikuwa anaikumbuka Ijumaa. Walikaa nyuma ya gari la Bi Honor Pelling, miaka sitini na minane, koti la kijani lenye umri wa Wren, mifuko yake kama duka la kijijini: kamba, kisu, biskuti za mbwa, pamba, pipi za mnanaa, tiketi za maegesho za mwaka juzi. Alikuwa anawakatia keki. Tamsin akaja na furaha yake, akasema wateuzi wamemwambia akimaliza ndani ya watatu bora, yeye na Pickle wanaingia timu ya taifa, wanakwenda mashindano ya dunia nje ya nchi. "Utamruhusu Pickle aende, sivyo, Honor?" Na Bi Honor alijibu anavyojibu kila kitu, "Bila shaka, mpenzi." Ila kisu kilisimama katikati ya keki. Kikakaa pale muda mrefu kidogo.

Walimkuta kwenye kiti chake cha kukunja, mbwa miguuni, kikombe cha chai hakijaguswa.

"Jana jioni? Nilikwenda kumpa Pickle pipi yake ya usiku, mpenzi. Kama kila siku."

"Hukuinama?"

"Kwa magoti haya? Sijanyanyua ukwato tangu mume wangu afariki. Maskini Kez. Kokoto ni bahati mbaya tu, yeyote linaweza kumpata. Nimemwambia Tamsin asiwe mkali."

"Tamsin anamfukuza, Bi Honor. Saa mbili na nusu."

Bi Honor alikisogeza kikombe pembeni. "Lo," alisema. "Sikuwa... Hilo sikuwa nalijua."

Saa mbili na dakika ishirini na tano wote walikuwa mbele ya banda. Mfuko wa Kez, ule mfuko wa bluu wa dukani, ulikuwa mlangoni, shingo ya birika lake la umeme imechomoza. Tamsin alikuwa ameshavaa: koti la mahameli, kofia, viatu vya kisigino kwenye majani yaliyolowa. Rory alikuja kwa udaku tu, hakuficha. Pickle alikuwa anatembea vizuri zaidi. Vizuri, lakini bado.

"Dakika mbili," Wren alisema. "Halafu tunaondoka sote. Nyanyua mguu, Kez."

"Sina dakika mbili!" Tamsin alifoka.

"Moja, basi. Tazameni." Wren alichomoa ile pamba kwa kibano chake cha chuo, akaitupa ndani ya ndoo. Tundu likabaki wazi, jeusi, linatazama mvua. "Sawa. Nimemaliza. Mshushe, Kez, umpeleke."

Kez alimwangalia rafiki yake kama amerukwa na akili.

"Tundu liko wazi hilo," Rory alisema.

"Kez! Ziba, unangoja nini?" Tamsin alifoka.

Lakini mtu mwingine alikuwa ameshapita katikati yao. Bi Honor Pelling alikuwa ameshapiga goti moja kwenye nyasi, ukwato umelala kwenye paja lake kama mtoto, mkono umeshaingia mfukoni na kutoka. Kipande cha pamba, akakisokota kwa vidole viwili, zungusha, sukuma, gonga kwa ukucha. Sekunde nne. Huku ameanza kuimba, taratibu, kwa pua.

Kisha akainua macho, akaona wote wanamtazama.

Wren aliinama, akainusa. "Mnanaa," alisema. "Unaiweka mfuko mmoja na pipi. Jana ulipofungua nepi kizibo kilitoka na dawa, kikapotelea kwenye maranda. Ulikuja kumuumiza farasi, na bado mkono wako haukukubali kuliacha tundu wazi."

"Honor?" Tamsin alisema. Hakufoka sasa. "Honor, wewe?"

Bi Honor hakuinuka. Aliushusha mguu wa Pickle kwa utaratibu, akaufuta tope.

"Mama yake Pickle alifia kwenye mashindano kama hayo," alisema. "Nje ya nchi. Kwenye kiunzi cha maji. Nilikuwa nimesimama na blanketi lake mkononi, namngoja amalize. Nilirudi nyumbani na blanketi." Alivuta pumzi. "Jana Pickle alijikwaa kwenye mtaro. Ninyi hamkuona. Mimi niliona. Nikajua akimaliza leo, mtamchukua. Nikachagua kokoto dogo kabisa. Laini. Siku mbili angekuwa mzima."

"Ungesema tu!" Tamsin alikaribia kulia. "Ungeniambia hapana!"

"Miaka kumi na moja nimekuambia bila shaka, mpenzi. Neno lingine sikulipata mdomoni."

"Na mimi?" Kez aliuliza. "Ulikaa pale unakunywa chai, Bi Honor, na mimi nafungasha."

Hapo ndipo mama yule alipojifunika uso. "Nilidhani watasema bahati mbaya. Ulipofukuzwa ilinipasa kusema, na sikusema. Sina cha kujitetea." Alishika ukingo wa mlango, akainuka kwa shida. "Nakwenda kwa wasimamizi mwenyewe. Wafanye watakavyo. Na Tamsin, leo mrukishe kama daktari akiridhika. Lakini timu ya taifa hapana. Umenisikia? Hapana."

Akaondoka na mbwa wake mvuani. Tamsin alimtazama Kez, akautazama mfuko wa bluu.

"Kwa hiyo... sawa," alisema. "Basi twende."

"Nitamfikisha kwenye ukaguzi," Kez alisema. "Pickle hana kosa. Baada ya hapo kuna basi la saa tano."

Saa nne kasoro ishirini Tamsin alimkimbiza Pickle mbele ya madaktari. Wakanong'ona. Wakamweka pembeni. Kez alikuwa anauma kola ya koti lake, Wren anamshika mkono wa kushoto, Fergus wa kulia, na watu elfu mbili wamenyamaza kwenye mvua. Wakamwita tena. Pickle alikimbia kwa mara ya pili, masikio mbele, mguu wa kushoto chini, juu, chini, sawasawa. Spika ikasema: "Amekubaliwa." Fergus alimkumbatia mtu asiyemjua kabisa.

Kez hakushangilia sana. Alimrudisha Pickle bandani, akamfunga, akageuka kuchukua mfuko wake mlangoni. Haukuwepo.

"Nani kachukua birika langu?"

Wren alimwonyesha kwa kidevu. Kule mbele, katikati ya umati, Tamsin Ellery alikuwa anavuka uwanja na mfuko wa bluu kifuani, koti la mahameli limelowa, visigino vinazama kwenye tope kila hatua, na watu wanampisha njia na kumpiga picha. Alikuwa anaelekea kwenye lori lao, lile linalorudi nyumbani. Kez alimkimbilia.

"Unakwenda wapi nalo?"

"Naliweka mahali pake. Kiti cha mbele."

"Hujasema kitu, Tamsin."

Tamsin alisimama. Kila mtu wa karibu akajifanya anatazama ramani.

"Nilikosea," alisema, na alisema kwa sauti, wote wakasikia. "Ulikwangua ukwato, ulikunja tepu, ulisema kweli, na mimi nikakufukuza. Nisamehe, Kez. Usipande basi."

Kez alivuta pua. Akalitazama birika.

"Lishike wima," alisema. "Lina maji ndani."

Kisha akarudi bandani, akanyanyua mguu wa kushoto wa mbele, akachomoa pamba ya mnanaa, na kwenye tundu lile akasukuma kizibo chekundu mpaka kikakaa.